Amplifaya Iliyookoka

Baba yangu alikuwa na punda aliyekataa kupita mahali pamoja tu katika dunia nzima. Mahali penyewe ni pale njia inapovuka mfereji na kuanza kupanda kuja kwetu, kando ya shamba la kahawa la jirani. Kushuka sokoni, punda yule alikuwa na adabu kuliko sisi watoto. Kurudi na mzigo anakuja vizuri, masikio juu, mpaka kwenye mfereji; akishavuka tu, anasimama. Hahemi, hatetemeki, amesimama kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha kitu sokoni. Baba atamvuta, atamsukuma, atambembeleza, halafu atamtukana kwa Kimeru, kwa Kiswahili na kwa Kimasai cha kuokoteza. Mwisho tunashusha mzigo, tunajitwika wenyewe, na punda anapanda nyuma yetu mgongo mtupu kama mwenye shamba. Mama akicheka, baba anamgeukia: "Cheka tu. Huyu amechukua kiburi cha ukoo wenu." Wazee wakaitwa kumtazama. Wakamtazama zizini, hana mzigo, wakafungua mdomo, wakainua kwato, wakasema mzima kabisa. Baba akamuuza kwa bwana mmoja wa tambarare, na tukasikia kwamba bwana yule alimtumia miaka mingi bila ugomvi. Baba alikufa akiamini kuwa punda yule alikuwa na jambo lake na ukoo wetu.

Mhariri wa gazeti hili ameniomba mara nyingi nianze habari pale inapoanzia. Mimi shule niliiacha kabla haijafika kwenye somo hilo, nanyi mnaonisoma mmeshanizoea. Punda huyo nilikuwa nikimsimulia mke wangu asubuhi moja juzijuzi, tumekaa barazani tunachambua maharage, simu ikalia. Alikuwa muuza vipuri mmoja wa kule Sakina, mjini. Akasalimia, akauliza hali ya nyumbani, akauliza mvua za kwetu, nami nikajua tayari, maana mtu wa mjini akikuuliza mvua kwa sauti ya chini namna ile, ana msiba mdomoni. "Mzee, yule fundi wetu wa redio ametutoka. Huko kwao Kondoa. Wameshamzika." Wenzetu Waislamu hawamkawizi maiti, kwa hiyo hata kukimbilia stendi kusingesaidia. Nikamwambia mke wangu. Akaweka ungo chini, akajifunga khanga vizuri kama vile fundi mwenyewe ameingia uani, akasema, "Jamani, shemeji." Baadaye nikaona kwa nini Mungu aliniletea yule punda asubuhi ile. Punda yule alikosa fundi. Sote tulimtazama zizini akiwa hana kitu mgongoni. Hakuna hata mmoja aliyepanda naye kilima akiwa na mzigo, akaangalia kamba inamkata wapi njia ikiinuka.

Huyu fundi hakuwa ndugu yangu wala rafiki wa kushinda pamoja. Nilikuwa mteja wake. Lakini kuna watu unawafahamu kwa jambo moja tu, na jambo lenyewe linakaa nawe kuliko ndugu wa kuzaliwa nao. Kibanda chake kilikuwa Sakina, kandokando ya barabara ya Nairobi, kati ya muuza vipuri huyo aliyenipigia na mama mmoja wa chapati. Ilikuwa miaka ile milango ya nchi ilipofunguliwa. Waliozaliwa baadaye huwezi kuwaeleza wakaelewa. Sisi tulikuwa tumezoea redio moja ya serikali na foleni ya sabuni, mara tukaamka tukakuta mitumba, magari yaliyochoka Japani yakaja kuanza maisha upya kwetu, na spika kubwa kama kabati. Hata kahawa ilibadilika. Wanunuzi binafsi walipanda mlima na mizani yao, wakatuamkia shikamoo hata sisi ambao hatujawa wazee, msimu mmoja wakanunua kwa furaha, nami nikashuka mjini kwa miguu nikarudi na gari. Lilikuwa staisheni wagoni, mlango mmoja una rangi tofauti na mingine. Nikawa napakia watu na ndizi, juu huku kwetu mpaka Tengeru, Tengeru mpaka mjini. Na kwa kuwa kila mwenye gari alikuwa na muziki, nami nikatafuta tepurekoda, spika, na amplifaya iliyopita mpakani Namanga kwa njia zake.

Amplifaya, kwa msomaji asiyejua, ni kile kisanduku cha chuma kinachochukua sauti ndogo ya redio na kuifanya kubwa. Nilifungiwa na mtu mmoja wa njiani aliyesema ni fundi. Kuwasha gari, kwenye spika ukaingia mlio, mnnnn, nikikanyaga mafuta mlio unapanda, nikiachia unashuka. Abiria wakasema nimebeba nyuki. Ndiyo nikaelekezwa Sakina. Nikamkuta mtu mfupi, kofia nyeupe ya kufuma, ameketi, bisibisi iko sikioni kama kalamu ya karani. Mbele yake bao refu la kukalia wateja. Sheria yake ilikuwa hiyo: lazima ukae. Huwezi kumwachia kitu ukaondoka. Waliokuwa na haraka walimwona mvivu wakaenda kwa wengine.

"Inaumwa nini?" akaniuliza.

"Inanguruma."

"Inanguruma yenyewe, au inanguruma pamoja na gari?"

"Kwani kuna tofauti?"

"We Mmeru wewe! Watoto wakilia nyumbani kwako, hutaki kujua nani kaanza na nani kamfuata?"

Akanituma niwashe, nikanyage, niachie, yeye ameinamia buti na kichwa kimeingia ndani chote. Kisha akanionyesha waya mweusi uliofungwa kwenye bati la gari kwa boliti. Huo ndio unaitwa waya wa arthi, wa kurudishia umeme kwenye bodi. "Aliyekufungia kafunga juu ya rangi," akasema. "Rangi ni koti. Umeme haumpi mkono mtu aliyevaa koti." Akachukua msasa akakwangua mpaka chuma cheupe kikaonekana, akakaza boliti upya. Akaona tena kwamba waya wa umeme na waya wa muziki zimepita njia moja zimekumbatiana, akazitenganisha, mmoja kulia, mwingine kushoto. "Kama kanisani kwenu zamani," akasema, "wanaume huku, wanawake kule." Nikamwuliza mtu wa Kondoa amejuaje ya kanisani kwetu. Akasema amefunga spika za makanisa mengi kuliko wachungaji waliohubiri humo. Nikawasha. Kimya. Nikaweka kaseti, muziki ukatoka safi kama maji ya mlimani, na mama wa chapati akaacha karai lake akacheza kidogo.

Hapo ndipo ingeishia habari, na nisingekuwa na la kuwaandikia leo. Lakini sasa lazima niseme kuhusu vitambaa.

Mnavijua. Nyumba za miaka ile hakuna kitu cha thamani kilichokaa uchi. Redio ina kitambaa, migongo ya makochi ina vitambaa, chupa ya chai ina kitambaa, hata betri za redio zilizoanikwa juani nimewahi kuziona zimetandikiwa. Mke wangu alifuma kuliko wanawake wote wa mtaa wetu wa kanisa, na sisemi kwa sababu ni wangu. Alipoona amplifaya ile, mgongo wake wa chuma una mifereji mifereji kama bati la nyumba, akasema vumbi la barabara yetu litajaa humo. Akafuma kitambaa cha rangi ya maziwa, kina maua kwenye pembe, na ili kisipitishe vumbi akakishonea bitana ya kipande cha blanketi. Kikakaa kule nyuma ya gari kimeifunika amplifaya vizuri, kama mtoto aliyelala. Kila abiria aliyeingia alikisifu. Nami nilijisikia mtu mwenye nyumba inayotembea.

Basi amplifaya ikaanza tabia mpya. Ikiwa ni safari fupi za mjini, inaimba. Nikipanda mlima na watu wamejaa, wanataka sauti iongezwe, inaimba vizuri kutoka Tengeru, inaimba migombani, inaimba mpaka tunavuka mfereji ule ule wa punda. Tukianza kukaribia kanisa, kap! Imekata. Taa yake ndogo nyekundu inawaka, hakuna sauti hata ya kunong'ona. Nikisimama, nikanywa chai, nikasalimia wazee, nikirudi kuiwasha inaimba kama hakuna lililotokea. Siku ya pili vivyo hivyo. Karibu na kanisa, kap! Na mnajua watu wa kwetu.

"Mashine yako imeokoka!" abiria mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, gari zima likaanguka kicheko.

"Acheni," akasema mwingine, "inaona haya kupiga dansi mbele ya mnara."

Mzee mmoja wa kanisa alinisimamisha njiani, nikamwamkia, akaitikia marahaba ndefu, akasema kwa uso mzito, "Umeona, bwana, hata chuma kinapajua mahali patakatifu. Wewe je?" Nikatia gia nikaondoka, maana kweli Jumapili kadhaa nilikuwa nimezitumia kwa abiria.

Nikarudi kwa fundi. Kabla sijaondoka nyumbani mke wangu akatoa kile kitambaa, akakikunja. "Hiki kibaki," akasema, "mafundi wana mikono ya grisi." Fundi akaipiga kwa sauti kubwa tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, bati la kibanda linatetemeka, muuza vipuri anaziba masikio. Haikukata. Akaangalia fyuzi, akaangalia waya za spika kama kuna palipochubuka pakagusa bodi, akakaza kilichokuwa hakijalegea. Akanirudishia. Nikapanda mlima, kitambaa kimerudi mahali pake. Karibu na kanisa, kap! Nikarudi tena Sakina, kitambaa tena kimebaki nyumbani. Safari hii nayo haikukata. Fundi mwingine angebadilisha kitu chochote apate la kusema. Yeye akaniangalia akasema, "Hapa kwangu ni mzima. Ugonjwa unauacha nyumbani."

Ningeweza kuishi na mzaha wa abiria. Kilichonibana ni harusi. Mdogo wangu wa kike, wa mwisho kwetu, alikuwa anaolewa na kijana wa Kijenge, mjini. Baba na mama walikuwa wameshatangulia, mimi ndiye nimesimama mahali pa baba. Wakwe walisema wanakuja na matarumbeta juu ya pikapu, na wanakuja wengi. Mdogo wangu hakutaka matarumbeta. Aliniomba jambo moja tu. Kulikuwa na kaseti ya kwaya yetu iliyorekodiwa kwa kipaza sauti kimoja mama akiwa hai, naye alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili. Ukisikiliza unamtambua upesi, kwa sababu mama maisha yake yote aliingia kwenye wimbo akiwa amechelewa kidogo nyuma ya wenzake, kama mtu anayefunga mlango ndipo awafuate. "Kaka," mdogo wangu akasema, "nataka nitoke nyumbani na kuingia kanisani nikimsikia mama. Kwa sauti kubwa, watu wote wamsikie." Nikamwambia, hilo tu? Umepata. Usiku sikulala vizuri. Kutoka nyumbani kwetu unashuka mpaka mfereji, unazunguka kijiji kizima na wanawake wakicheza mbele ya gari, ndipo unapanda kwenda kanisani. Ni mwendo mrefu wa polepole na muziki juu. Nikawa namwona mama anakatwa katikati ya neno pale pale mbele ya mlango wa kanisa, na wakwe wa Kijenge wanaangaliana, halafu tarumbeta zinapigwa juu yake.

Nikaenda kumweleza fundi, habari yote, pamoja na kuchelewa kwa mama. Alisikiliza mpaka mwisho, bisibisi sikioni. Kisha akasimama akaanza kufunga kibanda chake mchana kweupe.

"Unakwenda wapi?" nikauliza.

"Kwako. Mgonjwa asiyeumwa hospitali unamfuata anakoumwa." Akanionya, "Usibadilishe kitu. Mpitie uliyezoea kumpitia, pakia unachopakia, piga muziki unavyopiga. Fanya kama mimi sipo."

Tukampitia mke wangu sokoni Tengeru, na vikapu vyake. Alikuwa na kitambaa ndani ya kikapu, kimefuliwa. Akakizungukia nyuma akakitandika, akakinyoosha pembe, tukaondoka. Fundi amekaa mbele. Watu wakapanda, wakataka sauti, nikaongeza. Tukapita migombani, tukavuka mfereji, na abiria walionizoea wakaanza kuhesabu kwa sauti, bado, bado, bado. Kanisa likaonekana, kap! Kicheko. "Haleluya!" akasema mmoja.

Fundi akashuka. Akazunguka nyuma, akafungua mlango wa buti. Mke wangu akashuka naye upesi ili atoe kitambaa mwenyewe kisishikwe vibaya, lakini fundi alikuwa ameshaweka kiganja juu yake. Akakiacha pale muda. Aliniangalia mimi, akamwangalia mke wangu aliyesimama pale na uso wa mtu anayengoja kusifiwa, akaangalia kitambaa. Nilikuwa namwona, na naapa niliona jinsi neno lilivyomfika mdomoni akalimeza.

"Shemeji," akasema, "hiki umefuma mwenyewe?"

"Mwenyewe, shemeji."

"Kilikuchukua muda gani?"

"Kwaresma nzima. Na bitana nikashona Wiki ya Mateso."

Fundi akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, akanigeukia mimi. "Na wewe bwana unakificha huku nyuma, na ndizi na kuku? Huna aibu?"

"Mimi?" nikasema.

"Wewe! Mimi ningekuwa na mke mwenye mikono hii, kitambaa hiki kingekaa mbele, kwenye dashibodi, pale kwenye kioo. Wakwe wakisimama mbele ya gari, kitu cha kwanza wanachokiona ni kazi ya mwanamke wa nyumba hii. Matarumbeta yao watayasahau."

Mke wangu akacheka akiziba mdomo. "Na vumbi je, shemeji?"

"Vumbi niachie mimi. Ndiyo kazi yangu."

Akakitoa kwa mikono miwili, akakikunja, akampa. Alipokwenda kukijaribisha mbele, fundi akanivuta mkono wangu akauweka juu ya chuma. Nikauondoa upesi, ilikuwa moto kama kikaango. Akaniambia polepole kwamba ile mifereji ya mgongoni ni ya kutolea joto, na kwamba ndani kuna kinga: joto likizidi, mashine inajizima isije ikaungua. Ikipoa, inarudi. Kule kwake Sakina ilikuwa inapumua. Huku ilikuwa imevikwa blanketi. "Amplifaya yako ina akili kuliko wewe," akasema. "Lakini usimwambie shemeji."

"Kwa nini?"

"Utamwambia ili iweje? Kila akishika uzi atakumbuka kwamba aliharibu. Hakuharibu kitu, alitunza." Akafunga buti.

Akaishusha mjini, akafanya kazi ya kweli. Akaifungua, akabadilisha dawa nyeupe inayopakwa chini ya tranzista ili joto lipite, akaifunga upya kwa kuiinua juu ya vipande vya mbao, upepo ukapita chini na juu. Mke wangu alipoona zile mbao aliziulizia, akaambiwa ni dawa ya vumbi. Akaridhika. Au ndivyo nilivyodhani.

Siku ya harusi, kitambaa kikawa mbele, maua yake kwenye kioo. Matarumbeta ya Kijenge yalifika, vumbi puani, yamechoka na mlima. Mdogo wangu akatoka ndani, nikabonyeza kaseti. Tukashuka mpaka mfereji kwa mwendo wa kobe, wanawake mbele wanacheza, tukauvuka, tukazunguka kijiji, tukarudi kuuvuka, tukaanza kupanda. Wale abiria wangu wote walikuwa kandokando ya njia, na niliwaona wananyamaza mmoja mmoja kadiri tulivyokaribia, kila mtu anangoja kap! Fundi alikuwa kwenye kiti cha kando yangu, amevaa kanzu, kwa sababu nilimlazimisha. Tukafika mlangoni mwa kanisa. Ubeti wa mwisho ukaanza, wenzake wakaingia, halafu, nyuma yao kidogo, mama. Akaimba mpaka mwisho. Mdogo wangu hakulia. Alicheka, akasema, "Amechelewa tena," akashuka. Yule mzee wa kanisa akainamia dirishani akaniambia, "Sasa imeokoka kweli." Na mkwe mmoja, mama mnene wa Kijenge, alipitisha kidole kwenye kioo akauliza kitambaa hicho kimefumwa na nani. Mke wangu alitengeneza vitambaa vya nusu ya Kijenge baada ya hapo.

Miaka ikapita. Ile milango iliyofunguliwa haikufungwa tena, vitu vikazidi kuingia, vikawa vingi hata vikakosa heshima. Redio ikilia vibaya watu wanaitupa, wananunua nyingine, inalia vibaya nayo inatupwa. Sina chuki na hilo. Mimi mwenyewe kahawa niling'oa nusu nikapanda nyanya, na nyanya zimenisomeshea watoto shule ambayo mimi sikuisoma. Lakini lile bao la Sakina lilizidi kuwa tupu. Nani atakaa kwenye bao kusimulia kitu kilianza kuumwa lini, wakati kipya kiko dukani hatua chache? Mara moja nilimwuliza fundi kama inamsumbua. Akasema hapana, amesikiliza vya kutosha, masikio yake yanataka kupumzika.

Sasa, asubuhi ile ya simu, tumekaa na maharage yetu, niliona hakuna tena wa kumlindia siri. Nikamwambia mke wangu. Nikamwambia kwamba amplifaya ya miaka ile haikuwa na jini wala haikuokoka, ni kitambaa chake kilichokuwa kinaichemsha, na fundi alinikataza kumwambia. Nilisema polepole, kama mtu anayefikisha habari mbaya.

Akaniangalia hivi. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Siku ile aliponipa kitambaa mkononi kilikuwa moto kama chapati inayotoka jikoni. Mimi ninayepika tangu nikiwa binti, nisijue maana ya kufunika kitu kinachochemka?"

"Ulijua siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Mlikuwa mmefurahi wenyewe," akasema, akaendelea kuchambua maharage. "Mwanamume wa watu kafunga duka lake, kapanda mlima, kanitafutia maneno mazuri namna ile. Nianze kumharibia?"

Ndiyo maana naandika. Mafundi wa kuondoa ugonjwa kwenye chuma walikuwepo na wapo, hata kama ni wachache. Yule alijua kwamba kila chombo kibovu kinachofika mbele yako kimeletwa na mtu, na mtu huyo ana mke, ana kitambaa, ana harusi wiki ijayo. Akatengeneza chombo na mtu akamwacha mzima. Sisi tunaosema kweli hovyo, tukajisifu kwamba ni kweli, tungekaa kwenye bao lake kidogo. Na ninyi mnaopenda kusitiri wenzenu, jueni kwamba huenda wenzenu nao wanawasitiri.

Mke wangu ndiye aliyenikumbusha mara ya mwisho fundi alipokuja kwetu. Alipanda kwa miguu kutoka barabarani, na mfuko mdogo begani. Hakusema ana safari. Alikunywa kahawa, akaiulizia miche ya nyanya, akamsikiliza mjukuu akimsomea. Mimi nikatoka na panga nimkatie mkungu wa ndizi, maana huwezi kumwacha mgeni ashuke mikono mitupu. Huku ndani redio yetu ilikuwa inaongea chini ya kitambaa chake. Anasema mke wangu kwamba fundi aliisikiliza kidogo, akainuka, akakiondoa kile kitambaa, akakikunja vizuri, akamwekea mapajani. Wote wawili walitabasamu tu, wakaangalia mlangoni nisije nikaingia.

Niliporudi na mkungu alikuwa ameshavaa viatu. Nikamwambia angoje nitafute kamba ya kuufungia. "Nakuja," akasema, "ngoja nikaangalie kama kuna gari pale chini." Akashika njia ya mfereji, bisibisi sikioni kama kawaida, akavuka pale punda wa baba alipokuwa akisimama, akapinda kwenye migomba. Nikafunga mkungu nikauweka barazani. Ndizi zikaiva pale pale.